Deni la Damu Ng'ambo ya Daraja

Lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hufika Rusumo likiwa upande wa kushoto wa barabara. Likishavuka daraja la Mto Kagera, dereva hulihamishia kulia. Tanzania ilirithi kushoto kwa Mwingereza, Rwanda ikarithi kulia kwa Mbelgiji, na kati yao kuna daraja moja tu. Mtu aliyeshika usukani miaka ishirini anageuka mwanafunzi ndani ya dakika chache. Hata neno kipilefti, ambalo Watanzania huliitia mzunguko wa barabara, likivuka mto linapoteza maana yake, maana huko anayeshika kushoto ndiye anayesababisha ajali.

Hapo mpakani kuna karatasi za kuonyesha. Tangu Aprili 2016 maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja kila upande wa mto, na dereva hupita mezani kwao akiwa na pasipoti, leseni, kadi ya gari, hati za mzigo na kadi ya njano. Hii ya mwisho si ile ya mwamuzi wa mpira. Ni ushahidi kwamba gari lina bima inayokubalika ng'ambo, na bila hiyo safari inaishia hapo mpaka inunuliwe.

Karatasi nyingine zote zinaeleza yaliyokwisha kuwa: nani kazaliwa wapi, gari ni la nani, mzigo umetozwa ushuru gani. Kadi ya njano peke yake ndiyo inayozungumzia jambo ambalo halijatokea na ambalo kila mtu anaomba lisitokee. Inamwambia mwanakijiji wa Kirehe, upande wa Rwanda, ambaye dereva hamjui wala hatamjua, kwamba akigongwa kesho hataachwa na jeraha lake na namba ya gari la kigeni lililokwisha kurudi kwao. Ni ahadi ya watu wasioonekana kwa watu wasiojulikana. Wanafalsafa na mafakihi wameumiza vichwa kwa ahadi ndogo kuliko hiyo.

Mkataba ulioizaa kadi hii ulitiwa saini Addis Ababa Desemba 1986, wakati Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, COMESA, likiitwa bado PTA, na kazi ikaanza Julai 1987. Nia ilikuwa kumwondolea msafiri mzigo wa kununua bima mpya kwenye kila mpaka. Mtambo wake ni rahisi kuliko sifa zake. Kila nchi ina ofisi moja ya kitaifa inayobeba dhamana: kwa Tanzania ni Shirika la Bima la Taifa, kwa Kenya ni shirika la bima mtawanyo la Kenya Re. Lori la Tanzania likimvunja mguu mtu wa Voi, mtu huyo hafungi safari kuitafuta kampuni ya bima Dar es Salaam. Anaidai ofisi ya Kenya, analipwa kwa sheria ya Kenya na kwa shilingi za Kenya, kisha ofisi hiyo inaigeukia ile ya Tanzania na kudai ilichotoa. Nyuma ya ofisi zote upo mfuko wa pamoja wa kubebana madai makubwa, unaosimamiwa na kampuni ya ZEP-RE ya Nairobi.

Mwaka 2000 Tanzania ilijitoa COMESA. Haikujitoa kwenye kadi. Iliacha soko, ikabaki kwenye damu, na jambo hilo lina uzito zaidi ya hotuba nyingi za ujirani mwema.

Sasa, mtu akiuliza habari za bima baada ya swala ya Ijumaa, swali analolisikia mara ya kwanza si la ofisi wala mfuko. Ni swali la imani. Anayekata bima si amepungukiwa tawakali? Ajali ni kadari, na kadari hailipiwi ada. Jibu nalo halikawii: Mtume alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Hadithi hiyo iliyomo katika mkusanyo wa Tirmidhi imefanya kazi nyingi sana Afrika Mashariki, kuanzia chanjo hadi makufuli ya milango, na mtu anayejibu kila kitu kwayo anapaswa kushukiwa kidogo.

Maana ngamia wa bedui alikuwa wa bedui. Kumfunga au kutomfunga ni hesabu kati yake na mali yake. Hadithi inajibu vizuri swali la bima kubwa, ile inayomrudishia mwenye gari thamani ya gari lake likiungua au likiibwa. Lakini kadi ya njano si bima kubwa. Kiini chake ni bima ndogo, ya mtu wa tatu, pamoja na gharama za matibabu ya dharura za dereva na abiria wake. Hapa si suala la ngamia kupotea. Ngamia amemkanyaga mtoto wa jirani, tena jirani wa nchi nyingine, na mwenye ngamia yuko mbioni kurudi kwao. Kumwambia mama wa mtoto kwamba mwenye ngamia ana tawakali kubwa si jibu la dini wala la akili.

Mtu wa tatu. Neno limezoeleka mno kwenye vibanda vya wakala wa bima hata halisikiki tena, ilhali limebeba falsafa nzima. Wa kwanza ni aliyekata bima, wa pili ni kampuni, wa tatu ni kila binadamu aliyebaki duniani. Hakusaini, hakutoa senti, na bado mkataba umeandikwa kwa ajili yake. Uingereza iliufanya mkataba huo kuwa wa lazima kwa sheria ya 1930, na makoloni yakafuata. Aliyefikiriwa ni mtu aendaye kwa miguu, na bado ndiye yeye: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watu wa pikipiki. Tawakali ya dereva aliyekaa ndani ya tani thelathini za chuma ni jambo moja. Ya mwenda kwa miguu ni jingine, na mtu hana haki ya kumtegemezea mwenzake kwa Mungu bila ridhaa yake.

Fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, iliwahi kukutana na bima kwenye mpaka, kabla gari halijabuniwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 aliishi Dameski fakihi wa madhehebu ya Hanafi aliyeitwa Ibn Abidin, aliyefariki mwaka 1836. Katika kitabu chake kikubwa, Radd al-Muhtar, alieleza desturi mpya ya wafanyabiashara. Mfanyabiashara akikodi jahazi la mgeni kutoka nchi isiyo ya Kiislamu, humlipa mwenye chombo nauli yake, kisha hutoa fedha nyingine kwa mtu wa pili anayekaa hukohuko ugenini. Fedha hiyo waliiita saukara, neno lililotokana na Kitaliano. Mzigo ukiungua, ukizama au ukiporwa, mtu yule hulipa. Na kwa kuwa yuko mbali, ana wakala anayeishi bandarini kwa amani na idhini ya Sultani, anayepokea ada na kulipa hasara.

Msomaji wa leo anaitambua picha hiyo mara moja. Mdhamini yuko ng'ambo, wakala wake yuko hapa, na dola imempa wakala ruhusa ya kukaa. Zaidi ya karne moja na nusu kabla ya mkutano wa Addis Ababa, Ibn Abidin alikuwa anaitazama mbegu ya ofisi za kitaifa.

Hukumu yake haikuwa ya kuipendeza kampuni yoyote. Alisema mfanyabiashara hana haki ya kuchukua fidia ile, kwa sababu mdhamini amejilazimisha kisicho wajibu wake. Wala hakuishia hapo. Akasema kama mkataba umefungwa ugenini, kupitia mshirika mgeni wa mfanyabiashara, na fedha ikapokelewa hukohuko kisha ikatumwa, basi yaelekea kuipokea ni halali. Yaani fedha ileile, kwa hasara ileile, inabadilika hukumu kwa kuvuka mpaka. Kuna watakaocheka. Lakini Ibn Abidin hakuwa mchekeshaji. Alikuwa anauliza swali ambalo wanasheria wa COMESA walipaswa kulijibu pia: ahadi inapovuka mpaka, inafuata sheria ya nani?

Jambo zuri zaidi katika maelezo yake ni kizuizi alichojiwekea mwenyewe. Mafakihi waliomtangulia walikuwa na suala la msafiri anayeambiwa na mtu apite njia fulani kwa kuwa ni salama, na kwamba akiporwa huyo msemaji atalipa. Msafiri akapita, akaporwa. Wahanafi walisema msemaji ni mdhamini, alipe. Sasa, kama ahadi ya njia salama inamfunga aliyeitoa, kwa nini ahadi ya bahari salama isimfunge mwenye saukara? Ibn Abidin alijibu kwamba wa kwanza analipa kwa kuwa amehadaa: alijua hatari ya njia na msafiri hakuijua. Mwenye bima hakumhadaa mtu. Hajui kama chombo kitazama, na mfanyabiashara naye hajui. Wote wawili wako gizani sawasawa.

Mwaka 1961, katika mji uleule wa Dameski, Mustafa al-Zarqa, mwanazuoni mzaliwa wa Halab, aliichukua hoja ya njia na kuigeuza. Kwake dhamana ya hatari ya njia ilikuwa ushahidi bora kwamba fikihi inaijua bima na kuikubali. Wengi hawakumfuata. Mwaka 1978 baraza la fikihi la Makka liliharamisha bima ya kibiashara na yeye akabaki na rai yake. Mwaka 1985 Jeddah, Jopo la Fikihi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu likasema hivyohivyo: bima ya kampuni ina gharari kubwa, yaani mashaka ya matokeo yasiyojulikana, mbadala wake ni bima ya kusaidiana. Sudan ilikuwa imekwisha kuanzisha kampuni ya kwanza ya takafuli, yaani bima hiyo ya kusaidiana, mwaka 1979. Nairobi ilipata ya kwake mwaka 2011.

Ni lazima isemwe hapa kwamba mjadala huo mrefu na wa heshima uliangalia zaidi mwenye mali kuliko mwenye jeraha. Ibn Abidin alikuwa anamfikiria mfanyabiashara na marobota yake, na Zarqa alimtetea mfanyabiashara huyohuyo. Gharari iliyomo kati ya dereva na kampuni ni ya kweli na anayetaka kuikwepa ana haki ya kutafuta takafuli. Ila mkulima wa Ethiopia aliyegongwa karibu na Metema na gari la Sudan hakuingia kwenye gharari yoyote. Kwake fidia inatoka kwenye mfuko wa takafuli wa Khartoum, inapitia ofisi mbili za kitaifa, na kumfikia bila kuulizwa yuko upande gani wa fatwa. Siku akigongwa na gari la Kenya, itatoka kwenye kampuni ya kibiashara na kumfikia kwa njia hiyohiyo. Mpango wa kadi umewaweka pamoja watu ambao mabaraza ya fikihi yamewatenganisha, na umefanya hivyo kwa kukaa kimya.

Anayetaka kumwona mtu wa tatu mwenyewe aache mlango wa biashara, aingie kwa mlango wa damu. Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inazungumzia mtu aliyeua kwa kukosea. Inagawa hali tatu. Marehemu akiwa muumini miongoni mwa waumini, kuna kafara na kuna dia, yaani fidia ya damu, kwa jamaa zake. Akiwa muumini lakini watu wake ni maadui mlio vitani nao, ni kafara tu, kwa kuwa fedha hiyo ingekwenda kuwapa nguvu maadui. Na akiwa wa watu ambao kati yenu na wao kuna mkataba, dia inawafikia watu wake, na kafara ipo.

Wafasiri wamebishana kama huyu wa tatu ni Mwislamu au la. Hawakubishana kuhusu neno mkataba. Damu inalipwa kuvuka mpaka kwa sababu watu wa pande mbili wameahidiana. Pasipo ahadi hiyo, hata haki ya jamaa wa marehemu haina njia ya kupita. Ni vigumu kuisoma aya hiyo Rusumo na usiwaze kile kitabu cha saini kilichofungwa Addis Ababa.

Na anayelipa dia si muuaji peke yake. Katika kosa la bahati mbaya mzigo unabebwa na akila, yaani ndugu zake wa kiumeni, kwa awamu za miaka mitatu. Dia kamili ni ngamia mia moja, na mtu mmoja wa kawaida hawezi kuwatoa bila kufilisika. Khalifa Umar, aliyetawala kati ya 634 na 644, alipoanzisha daftari la askari wanaopokea posho, dia ya askari ikabebwa na wenzake wa daftari hilo, hata kama hawakuwa wa ukoo wake. Wahanafi waliishika hatua hiyo kwa nguvu: kinachowafanya watu wabebane ni kunusuriana, na damu ni mojawapo tu ya sababu za kunusuriana. Ukoo ukageuka orodha ya majina. Kutoka orodha hiyo hadi orodha ya wenye kadi za njano hatua si ndefu kama inavyodhaniwa, ingawa wenye kadi hawajuani hata kwa sura na wengi wao wanaamini wamelipa kodi nyingine tu ya mpakani.

Wakristo nao wana dereva wao, ila alipanda mnyama. Katika Injili ya Luka, sura ya 10, mtu anaporwa na kupigwa kwenye barabara ya kushuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kuhani anapita, Mlawi anapita, Msamaria anasimama. Mahubiri kwa kawaida humwangalia Msamaria na kuishia hapo, na ni haki yake. Mwenye nyumba ya wageni anasahaulika. Huyo alipewa dinari mbili na maneno: chochote kitakachozidi, mgeni atakilipa akirudi. Msamaria katika nchi ile ni mtu asiyeaminiwa, wa kabila na ibada nyingine, na anaomba deni lisilo na kikomo kwa niaba ya majeruhi ambaye hata yeye hamjui. Hakuacha rehani. Mwenye nyumba alikubali kwa msingi gani? Hadithi haisemi, na hospitali za leo zinazodai malipo ya awali mapokezini hazijaijaza nafasi hiyo.

Kadi ya njano inamjibu mwenye nyumba yule. Haimtaki amwamini mgeni. Inamwonyesha mtu wa kwao, mwenye ofisi katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, anayeweza kushtakiwa katika mahakama yake na kwa lugha yake. Kumbe huruma ya Msamaria ilikuwa na udhaifu mmoja: ilitegemea arudi. Mpango wa kadi umejengwa kwa ajili ya wageni ambao hawatarudi.

Hapo sifa zinapungua kasi, maana kuna kitu kwenye mpango huu kinachokera dhamiri, nacho kimo ndani ya ile kanuni ya kufuata sheria ya mahali pa ajali. Sheria ya Kenya imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Sheria ya Uganda ya 1989 iliweka shilingi milioni 1 za Uganda kwa mtu mmoja, fedha isiyofika hata 50,000 za Kenya. Lori moja, dereva mmoja, breki zilezile: mguu uliovunjika upande wa Kenya wa Malaba na mguu uliovunjika upande wa pili, hatua chache mbele, haiko katika dunia moja. Mafakihi wa zamani wanalaumiwa kwa kutofautisha dia za watu kwa jinsia na dini zao, na lawama hiyo ina msingi. Wabunge wa zama zetu walitofautisha kwa kingo za mto, na hakuna anayewaandikia makala.

Mtetezi atasema kwamba kanuni ina mantiki: aliyegongwa na lori la kigeni asipate zaidi wala pungufu ya jirani yake aliyegongwa na basi la hapohapo. Mantiki ipo. Usawa kati ya majirani umenunuliwa kwa kuacha usawa kati ya binadamu.

Je, lazima pawe na karatasi? Kusini mwa bara hili wamejibu tofauti. Afrika Kusini na baadhi ya jirani zake hukata tozo kwenye mafuta na kuipeleka kwenye mfuko wa majeruhi wa ajali, kwa hiyo mgeni anayejaza tanki amekwisha kuchangia bila kuulizwa. Nyuzilandi ilikwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 1974 mtu yeyote anayeumia nchini humo kwa ajali, mtalii akiwemo, hutibiwa na mfuko wa taifa, na suala la nani mwenye kosa halisimami mlangoni. Ulaya ilianza na kadi ya kijani mwaka 1953, ikaja kuamua kupitia agizo la 1972 kwamba namba za gari zenyewe zitoshe kuwa ushahidi kati ya nchi wanachama, na tangu 2020 kadi hiyo ya kijani huruhusiwa kuchapwa kwenye karatasi nyeupe. Nchi za Kiarabu, Oman ikiwemo, zina kadi ya rangi ya chungwa iliyotokana na mkataba wa Tunis wa 1975. Rangi zinatosha kupamba kanga. Ila kila mahali ambapo majirani wamezidi kuaminiana, ushahidi umezidi kuwa mwembamba, hadi ukabaki kibati tu nyuma ya gari.

Kadi basi ni kipimo cha umbali wa imani kati ya mataifa. Kwa dereva mwenyewe inapima kitu kingine, na hapo ndipo mwanafalsafa wa Kiingereza Bernard Williams anapofaa. Mwaka 1976, katika mada yake kuhusu bahati na maadili, alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote la kwake. Watazamaji watahuzunika. Dereva atahuzunika kwa namna nyingine isiyoweza kugawanywa, kwa sababu ni yeye aliyegonga. Watu watamfariji, wamwambie hakuwa na la kufanya, na watakuwa wamesema kweli. Lakini, aliongeza Williams, dereva anayefarijika upesi mno atatutia shaka.

Mfano huo ulijadiliwa na wanafalsafa kwa miaka mingi, wengine wakiuona ni kitendawili. Msomaji wa An-Nisaa hana haja ya kushangaa. Aya ileile iliyopeleka dia kwa jamaa wa marehemu haikuishia kwenye dia. Imetenganisha madeni mawili ambayo lugha ya bima huyachukulia kama moja. Dia inaweza kubebwa na ndugu, na wenzake wa daftari, na ofisi ya kitaifa, na mfuko wa Nairobi. Kafara haibebwi na yeyote. Ni kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Watumwa hawapo tena wa kukombolewa, basi imebaki saumu. Akila yote ikikusanyika haiwezi kufunga hata siku moja kwa niaba yake.

Mwaka 1993, kikaoni Brunei, Jopo la Fikihi lilelile la Jeddah lilisema wazi kwamba ajali za magari zinaingia kwenye hukumu za makosa ya damu, kwamba nyingi ni za kutokusudia, na kwamba dereva anawajibika kwa madhara aliyomfanyia mwingine, isipokuwa pale alipozidiwa na nguvu asiyoweza kuizuia, au madhara yakatokana na kitendo cha mtu mwingine au cha aliyeumia mwenyewe. Mstari kati ya aliyesababisha na aliyezidiwa si rahisi kuuchora saa nane usiku penye mvua, upande wa barabara usio wako. Ndiyo maana wapo madereva wanaofunga kwa tahadhari tu, bila kusubiri ripoti ya trafiki.

Na dereva wa masafa marefu atazipata wapi siku sitini za mfululizo? Maisha yake yote ni safari. Mwenye lori, aliyelipia kadi ya njano, yuko ofisini Dar es Salaam na hajawahi kumwona marehemu. Kwake ajali ni faili, na faili lina mwisho. Ofisi ya Kigali imelipa, ya Tanzania imerudisha, ada ya mwaka ujao pengine imepanda kidogo.

Tuseme basi kuna dereva mmoja, wa kubuni, aliyerudi Tanzania akaegesha Benaco, wilayani Ngara, anasubiri hati za mzigo mwingine. Ni saa saba mchana, si Ramadhani. Utingo wake ameagiza ugali na maharage kwa mama lishe na anamkaribisha. Dereva anasema ameshiba. Mama lishe hamuulizi, maana madereva wana mambo yao. Ndani ya lori, juu ya dashibodi, kadi ya njano imewekwa chini ya kioo ili polisi waione bila kumshusha mtu. Kadi ina miezi minne kabla ya kuisha. Yeye yuko siku ya thelathini na nane.